Kishindo Kilichopangwa

Njia rahisi ya kuiua habari ni kuikalia. Mwandishi anarudi na daftari limejaa, mhariri anaipitia, anasema tuiache kwanza, na kesho yake kuna ziara ya waziri. Katika miaka ya 1980 mwanamke aliyebakwa, au aliyevunjwa mkono na mumewe, alikuwa habari ya kukaliwa. Fatma Alloo, Edda Sanga, Leila Sheikh na wenzao walioanzisha Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, mwaka 1987 hawakuhitaji kusimuliwa jambo hilo. Vyumba hivyo vya habari ndivyo vilivyokuwa kazini kwao. Walijua mlango unafungwa wapi na nani anashika ufunguo, na mbinu waliyoibuni inastahili kufunguliwa skrubu moja moja.

Kwanza tazama uwanja ulivyokuwa. Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na haikuwa na televisheni kabisa. Magazeti makubwa ya kila siku yalikuwa mawili: la serikali, Daily News, na la chama tawala, Uhuru. Mtangazaji kama Edda Sanga alisikika nchi nzima, lakini kipindi kikikataliwa hakuwa na pa kukipeleka. Mwaka 1979 wanahabari wanawake walikuwa wameshajaribu kujikusanya na kutengeneza vipindi vya redio. Kikundi kile kikasambaratika. Waliporudi safari ya pili walijisajili kama chama, na mwaka 1988 wakatoa jarida lao wenyewe, Sauti ya Siti.

Siti ni Siti binti Saad, na sidhani kama jina lilichaguliwa kwa mapambo tu. Mwimbaji huyo wa Zanzibar, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba habari za mji. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Mtuhumiwa akavuka bahari kukimbia, na waliofungwa ni wanawake wenzake waliotoka naye usiku ule. Tukio, uonevu, na mahakama iliyomfunga asiyehusika: uchunguzi kamili, tena katika chombo ambacho hakuna mhariri aliyeweza kukikalia, kwa sababu kilipigwa harusini.

Jarida, hata hivyo, lina wasomaji wake, na mara nyingi ni wale ambao tayari wanakubaliana nalo. Somo gumu zaidi lilikuja Februari 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale mwanafunzi wa kike alipojiua baada ya kuandamwa na kundi lililojiita Punch. Silaha ya Punch ilikuwa chombo cha habari: maandishi ya kubandika ukutani, yasiyo na jina la mwandishi, yaliyomvua mwanamke heshima mbele ya chuo kizima. TAMWA ililitoa suala hilo chuoni na kulifanya la taifa. Baadaye kikaja kituo chake cha kuwasaidia waliofanyiwa ukatili, na hapa mwanahabari atambue faida ya pembeni: mtu anayekuja kutafuta wakili ana maelezo, tarehe na jeraha. Kampeni ya habari bila majalada ni porojo.

Kisha milango ikaongezeka. Magazeti binafsi yalichipuka, vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992, Radio One na ITV zikaja mwaka 1994. Wengi waliona biashara. TAMWA waliona ushindani unaoweza kutumiwa. Mbinu yao waliiita bang, kishindo kwa lugha yetu. Suala moja linachaguliwa. Waandishi wa vyombo tofauti wanakusanya ushahidi, mara nyingi mikoani. Kila mmoja anaandika kwa namna ya chombo chake, lakini habari zinatoka kwa wakati mmoja. Mhariri mmoja anaweza kuikalia habari. Hathubutu pale anapojua jirani yake ataitoa. Na mbunge anayeikuta gazetini asubuhi, redioni mchana na kwenye televisheni usiku hawezi kusema ni chokochoko za mwandishi mmoja. Wakati huohuo mawakili wanawake wa TAWLA na wanaharakati wa TGNP walikuwa wakizungumza na wabunge hao hao. Kelele nje, hoja ya kisheria ndani.

Sisi wa Tabata, Dar es Salaam, tuna kipimo kizuri cha kulinganisha. Miaka hiyohiyo wakazi wa hapa waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukiza moshi, na mwaka 1988 wakashinda. Jiji likaendelea kuomba muda zaidi hadi 1991, Jaji Lugakingira alipokataa kabisa. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na wa Kunduchi nao ikabidi waende mahakamani. Ushindi wetu ulikuwa halali, lakini ulimpelekea jirani mzigo. Wanahabari wale walilenga kitu kisichoweza kuhamishiwa kata ya pili.

Walikipata: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu), Namba 4 ya 1998. Kubaka kukawa na kifungo kisichopungua miaka 30, ubakaji wa genge kifungo cha maisha. Bughudha ya kingono ikatajwa kuwa kosa, na ukeketaji wa wasichana chini ya miaka 18 vilevile.

Lakini chombo huacha alama yake kwenye kazi. Kishindo hupenda namba kubwa, na miaka 30 hukaa vizuri kwenye kichwa cha habari. Jinsi polisi anavyopokea maelezo, nani anamlipia shahidi nauli, daktari anaandika nini kwenye fomu ya polisi ya PF3: hayo hayalipuki, na ndiko kesi nyingi hufia. Leo mbinu ingekuwa ngumu zaidi. Ungewashawishi wahariri wa Mwananchi hapa Tabata Relini na wale wa ITV kule Mikocheni, bado mamilioni ya simu hayana mhariri, na kila mtu ana ukurasa wake wa mbele.

Sheria yenyewe ilibaki na tundu. Umri wa ridhaa uliwekwa miaka 18, isipokuwa kama msichana ni mke wa mwanamume husika na ametimiza miaka 15, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu aolewe. Aliyelishika tundu hilo upande wa ndoa naye alitoka kwenye utangazaji: Rebeca Gyumi, aliyefahamika kupitia kipindi cha televisheni cha Fema. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 ikashindwa.