Gari ya mnunuzi ambaye hajafika bado

Bandugu, kijana wa kwetu akishapata kazi ya kueleweka, akakaza mkanda miaka tatu ao ine, anaanza kuulizia gari. Kabla hajamaliza kutaja ile anayopenda, swali limeshafika: “Na siku ukitaka kuiuza, nani ataikamata?” Linaulizwa na mjomba, na fundi wa garaji, na komisioneri, hata na jirani ambaye hajawahi kuwa na pikipiki. Hapa Bukavu jibu linajulikana mbele ya mazungumzo: kamata Toyota, rangi nyeupe ao ya majivu, basi.

Mimi niko agronome, siko fundi wa magari. Lakini katika masomo yetu tulifundishwa kupima mashini kabla ya kuinunua, na kwa kipimo kile naona swali hili linatupoteza. Sisemi ni uongo. Nasema ni nusu ya hesabu, na sisi tunaichukua kama hesabu yote.

Tuwape wazee haki yao kwanza. Gari nyingi zinazopita hapa zilianza maisha Japani. Kule gari mpya ya mtu binafsi inapita kontrole ya lazima baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kontrole ile inakula pesa. Wengi wanaona ni bora wabadilishe gari. Ile waliyoachilia inapanda meli, inashuka Dar es Salaam ao Mombasa, inakuja kwa barabara mpaka kwetu. Inafika bila historia. Haujui nani aliiendesha, haujui iligonga wapi, na kilometa unazosoma kwenye tablo zinaweza kuwa zilirudishwa nyuma.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika juu ya soko la namna hii hii, la magari yaliyokwisha kutumika. Muuzaji anajua ugonjwa wa gari, mnunuzi hajui. Basi mnunuzi anaogopa, anashusha bei ya zote, nzuri na mbaya pamoja. Andiko lile ni kati ya kazi zilizompatia Nobel mwaka 2001. Penye woga wa namna ile, jina njo linakuwa garanti. Mtu haamini muuzaji, anaamini Toyota, ju anajua ikiharibika fundi wa Kadutu ataifungua na piesi itapatikana. Tena kwetu gari ni akiba. Mtoto akilazwa, ao vita ikikuhamisha mtaa, gari inayouzika ndani ya siku mbili inaokoa familia. Anayecheka wazo hilo hajapata shida bado.

Lakini tufungue ile bei ya kuuzia, tuone iko na nini ndani. Mimi naona vitu viwili vimechanganyikana.

Cha kwanza ni sifa za kazi: piesi zinapatikana, mafundi wanaijua, haikunywi esanse sana, tumbo lake haligongi mawe. Sifa hizi zinakufaa wewe mwenyewe kila asubuhi. Hata kama hautaiuza hata siku moja, uko na sababu ya kuzilipia.

Cha pili ni maoni ya watu juu ya maoni ya watu. Keynes alikieleza mwaka 1936 kwa mfano wa shindano la gazeti: wasomaji wanachagua sura 6 nzuri kati ya picha 100, na zawadi inaenda kwa yule ambaye chaguo lake linakaribia chaguo la wengi. Mwerevu hachagui sura inayompendeza. Anachagua ile anayozania wengine watazania kwamba wengine wataipenda. Yeye alikuwa anasema juu ya soko la hisa, lakini ingia parkingi yoyote ya magari ya kuuza uulize kwa nini nyeupe. “Ju njo inauzika.” Kwa nini inauzika? “Ju njo watu wanataka.” Watu gani? Kila mmoja ananunua kwa ajili ya mwingine, na yule mwingine naye vilevile. Mwisho mji mzima unaendesha gari ambayo pengine hakuna mtu aliyeichagua.

Sasa hesabu. Ile tuliyofundishwa inaitwa amortisma, na ni nyepesi: kamata bei ya kununua, toa bei ya kuuza, gawanya kwa miaka. Tuseme, kwa mfano tu, gari yenye jina inanunuliwa dola 9 000, inatumika miaka 5, inauzwa 6 000. Imekula 3 000, ni kusema 600 kwa mwaka. Nyingine ya jina dogo, yenye nguvu na umri sawa, inanunuliwa 6 000, inauzwa 3 500. Imekula 2 500, ni kusema 500 kwa mwaka. Wa kwanza atajigamba kwamba aliuza 6 000 wakati mwenzake aliuza 3 500, na ni kweli. Lakini yeye njo alipoteza zaidi. Tena mwenzake alikuwa na dola 3 000 mkononi tangu siku ya kwanza, za shamba, za masomo ao za hospitali. Akiba ya namna ile haingoji mnunuzi.

Hesabu inaweza pia kugeuka. Ikiwa piesi za ile ya pili zinaagizwa Kampala na unazingoja wiki mbili, ile tofauti ya dola 100 kwa mwaka inakwisha na safari moja ya garaji. Njo maana siwezi kumwambia mtu akimbilie gari ya bei ya chini. Namwambia aandike namba zote, asiimbe moja peke yake. Sisi wenye lisansi tunatetea mémoire na majedwali ya kurasa kumi, halafu tunatoa akiba ya miaka ine kwa neno la komisioneri ambaye analipwa siku ile ile gari inauzwa.

Nikienda Kabare ao Walungu, mama mkulima ananipita akili kwa jambo hili. Anajua haragi gani inauzika sokoni, na anajua gani inaiva haraka na watoto wanaipenda. Anapanda zote, mara nyingi kwa mchanganyiko ndani ya shamba moja. Hamwachii mfanyabiashara wa Bukavu amchagulie chungu chake. Na anajua jambo lingine: shamba la mbegu moja, ugonjwa ukiingia, unapita nalo lote. Hata kwa gari ni hivyo. Ile inayouzika haraka, mwizi naye anaipenda, ju taa yake na kioo chake viko na wateja tayari.

Kuna pia mambo ambayo swali la “utaiuza bei gani” haligusi kamwe. Kubwa kwangu ni volani. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume, lakini gari za Japani ziko na volani ya kuume. Ukiwa nyuma ya lori kwenye milima ya Ngomo, unateremka kuelekea Kamanyola, ili uone kama njia iko wazi lazima uchomoze kwanza gari karibu nusu nje. Anayeona mbele yako ni yule aliyekaa pembeni, pengine mama yako, pengine mtoto. Na mkisimama kando ya njia, yeye njo anafungua mlango upande wa magari yanayopita. Kuona mbele, urefu wa kiti, mgongo wako baada ya saa tatu za mashimo: vitu hivi hatuvihesabu, tunaviita “goût ya mtu”. Mimi naona ni sehemu ya kazi ya gari kama vile motere. Mtu mrefu aliyejikunja ndani ya gari ndogo miaka tano ju “inauzika” amelipa, hata kama malipo yale hayako kwenye risiti.

Sasa na ninyi mnaosema “mimi nafuata moyo”, musifurahi haraka. Moyo wenyewe tuuchunguze. Wengi wetu tunasema “naipenda” wakati tuliiona tu kwa klipu ya mwanamuziki ao kwa msafara wa ndoa. Hilo pia ni jicho la wengine, limevaa nguo ya moyo wako. Gari kubwa inayokunywa nusu ya mshahara, inayolala mbele ya nyumba toka tarehe 15 ju esanse imekosa, haikuchaguliwa kwa kupenda. Ilichaguliwa ili ionekane. Kupenda kwa kweli kunajulikana baada ya mvua ya mwezi wa kumi na moja, njia imekuwa matope, na wewe bado unafurahi kuishika ile volani.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Mbele ya yote, enda kwa mafundi watatu wasiojuana, uwaulize bei na siku za kungojea kwa vitu vitano: amortisere, plaketi za freni, rotili, taa ya mbele, filtri ya mafuta. Gari ikianguka hapo, iache, hata kama unaipenda. Pili, fanya amortisma ya zile zilizobaki, na uongeze esanse na piesi za kila mwaka. Tatu, zile ambazo hesabu zake zinakaribiana, kaa ndani, endesha kwenye njia mbaya, geuka nyuma, angalia kama unaona. Kutoka hapo chagua unayoipenda, na rangi unayoipenda, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mnunuzi wa kesho atakuja ao hatakuja. Akija, atapunguza bei tu, hata ungemtunzia gari namna gani. Sisi wote tunajua namna tunavyojadili bei. Lakini kati ya leo na siku ile kuna asubuhi zaidi ya elfu moja, na ni wewe utakuwa unafungua ule mlango.

Ninyi mulio na gari tayari, mutuambie hapa chini: muliponunua, mulipiga hesabu gani?