Jahazi Dogo Huhukumiwa Ngamani

Kutoka Nakuru hadi bandari ya Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 600, na mji wetu umekaa kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo majahazi yametufikia. Utayakuta kwenye vibanda vya vinyago na kwenye rafu za sebule zetu, tanga likiwa wazi, upepo hakuna. Mengi ni mapambo tu. Machache ni vyombo hasa, vilivyopunguzwa kimo bila kupunguziwa heshima. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo hurejea ngamani: aendaye nyuma na mbele ya chombo hatimaye hurudi tumboni mwake. Mnunuzi naye aishike njia hiyo hiyo, kwa maana subira ya fundi hukaa pale ambapo macho ya wengi hayafiki.

Uliza jina kabla ya bei

Chombo kizuri kina ukoo. Jahazi na mashua zina tezi bapa. Dau limechongoka mbele na nyuma. Jahazi la Lamu husimamisha omo wima, likavaa macho ya duara na mkeka ubavuni wa kuzuia maji yasirukie ndani. Ngalawa ina mirengu miwili ya kuizuia isipinduke, mmoja kila upande. Mtepe haukupigwa msumari hata mmoja: mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Ukionyeshwa mtepe wenye tanga la pembetatu na vichwa vya misumari, aliyeutengeneza hakukijua alichokiiga. Anayetaka kunoa jicho azuru Makumbusho ya Lamu, kisha afike Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo vikubwa.

Mti na hewa ya huku

Pwani, mafundi husifu mbambakofi kwa mbao za ubavu na mkoko kwa mataruma, miti ya ndani inayoshika mbao hizo. Kwa chombo kidogo, jakaranda na mwembe hufaa sana. Tatizo letu ni ukavu. Mti uliozoea unyevu wa pwani ukiletwa Nakuru huendelea kupoteza maji. Hunywea, na mbao huachana. Fundi mwenye subira huziacha mbao zake kivulini miezi kadhaa kabla ya kuzigusa. Tazama ncha ambako msumeno ulipita, maana nyufa huanzia hapo. Kisha sugua sehemu iliyofichika kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka cheusi, huenda hiyo ni rangi ya viatu, imepakwa mti wa kawaida ili uitwe mpingo. Mpingo halisi ni mzito hata huzama majini.

Ubao kwa ubao

Inua chombo hadi usawa wa jicho, utazame kutoka tezi hadi omo. Mkuku, mti wa chini unaobeba chombo chote, unyooke, na mbavu mbili zijae sawasawa. Sasa hesabu mbao. Kazi ya haraka ni gogo moja lililochorwa mistari ya kisu ili lionekane limeungwa. Kazi ya subira huanza na mkuku, ikapanda ubao kwa ubao. Kila ubao hulowekwa maji ya moto, hupindwa polepole, hufungwa, huachwa hadi ukubali umbo. Uliolazimishwa hutaka kurudi ulikotoka. Utaona gundi imeachia karibu na omo, mahali mkunjo ulipo mkali.

Bonde la Ufa nalo lina chombo chake. Wailchamus wa Ziwa Baringo huunda mitumbwi kwa miti ya ambachi, myepesi ajabu, iliyofungwa pamoja kwa kamba. Mfano wake mdogo upimwe kwa mafundo: yakaze, yalingane, na yawe ndiyo yanayoushika mtumbwi. Kamba iliyozungushwa juu ya gundi ni uongo.

Mlingoti, tanga na kipimo

Mlingoti wa jahazi huinama kidogo kuelekea omo. Foromali, mti unaobeba tanga, hulala mshazari, ncha ya mbele ikiwa chini na ya nyuma ikipaa. Vuta jarari, kamba ya kuipandishia, taratibu: kwenye kazi bora, foromali hupanda na kushuka kweli. Halafu piga hesabu. Jahazi la mita 12 likifanywa sentimita 60, kila kitu kimepungua mara 20. Kamba ya sentimita 4 iwe milimita 2, na baharia wa mita 1.7 awe na sentimita 8.5. Jiulize kama baharia huyo angeufikia usukani.

Ngamani

Sasa washa tochi ya simu, umulike ndani. Mataruma yapangike kwa nafasi sawa, la kulia likabiliane na la kushoto, yote yakikaa imara juu ya mkuku. Pasiwe na matone ya gundi wala vumbi la msasa lililogandishwa na vanishi. Pitisha kidole. Fundi aliyelainisha ngama amefanya kazi ambayo hakuna mteja angemdai, na aliyefanya hivyo hakudanganya kwingine. Ngama ikiwa chafu, uzuri wa nje usikushawishi.

Ukishanunua

Usikiweke chombo dirishani penye jua. Vumbi la Nakuru walijua. Liondoe kwa brashi laini, kuanzia kileleni mwa mlingoti kushuka, usitumie kitambaa kinachonasa kamba.

Na unapofika kwenye bei, muulize fundi siku alizotumia, ugawe fedha anazotaka kwa siku hizo. Mara nyingi utakuta anaomba chini ya ujira wa kibarua wa siku. Kama ngama ni safi, usipunguze hata shilingi. Mlipe.