Wepesi wa chungu cha Mkisi

Chungu cha Mkisi ukikigonga kwa kidole, kinalia. Mlio wake ni mwembamba na unakawia kufa, na mnunuzi mzoefu hatoi fedha kabla hajausikia. Anakiinua, anakisogeza sikioni, anagonga mara moja, ananyamaza. Chenye ufa hukwaruza kooni kama mtu mwenye kikohozi, hata kama ufa wenyewe haujaonekana kwa jicho.

Nilikwenda Lyulilo, jirani na Matema, Jumamosi ya soko, kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyo anachora watu wa kubuni, maorki, wale wenye meno yaliyotokeza na mabega kama milango, aliowajua katika filamu na michezo ya kompyuta. Amewapa mapanga, ngoma na mfalme, kisha akaniuliza wanakosa nini. Nikamwambia, vyungu. Mwandishi J. R. R. Tolkien, katika riwaya yake The Hobbit ya mwaka 1937, aliwanyima watu wa aina hiyo uzuri wa kazi ya mikono: ni hodari wa kuunda vyombo vya kuumiza, lakini hakuna chao kinachopendeza. Nadhani hapo ndipo kabila la kubuni linapokufa kabla halijazaliwa. Watu wanaopika lazima wawe na mtu aliyekaa chini akafikiri juu ya mdomo wa chungu. Nikataka kumwonyesha mpwa wangu mtu huyo.

Barabara ya kutoka Kyela kupitia Ipinda inapita katika nchi ya kushiba: mpunga, migomba, mikakao. Ukifika Matema nchi hiyo inakoma ghafla. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi ziwani, na kati ya mwamba na maji kinabaki kipande chembamba cha ardhi. Huko ndiko kwao Wakisi, kuanzia hapo na Ikombe, kuelekea kusini hadi pwani ya Ludewa. Wanaume wanavua. Kulima wanalima, lakini mwinuko na mawe haviwaachii mashamba kama ya Wanyakyusa wa bondeni. Basi wanawake wakaugeuza udongo kuwa shamba. Tangu enzi za mababu vyungu vyao vimevushwa kwa mitumbwi kwenda kubadilishwa na chakula, na hata leo mtungi uliofinyangwa Ikombe utaukuta jikoni Tukuyu, mbali na ziwa.

Hapo ndipo nilipoielewa sifa moja ya vyungu hivi inayomshangaza kila anayevishika mara ya kwanza: wepesi. Mkono umejiandaa kwa uzito, halafu unapaa. Chombo kitakachopakiwa mtumbwini na vingine hamsini, kisha kipande mlima juu ya ngata kichwani mwa mtu, hakina ruhusa ya kuwa mnene.

Bibi niliyemkuta akifinyanga uani kwake aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho. Hakuwa na gurudumu la kufinyangia. Methali inatuambia mfinyanzi hulia gaeni, tukamhurumia. Kwa bibi huyu gae lilikuwa na kazi nyingine. Bonge la udongo lilikaa juu ya kigae kipana, na kigae kilizunguka juu ya ardhi kwa msukumo wa kiganja chake cha kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya chungu, vidole vikivuta udongo juu na nje. Kilipozunguka mara tatu, ukuta ulikuwa umepanda upana wa kidole. Alipofika begani mwa chungu alipunguza mwendo, maana hapo udongo unageuka kurudi ndani na uzito wake wenyewe unautaka uanguke. Akausubiri. Akachukua gunzi la muhindi, akaliviringisha juu ya ukuta wa nje, akasubiri tena.

"Bibi, unajuaje kwamba umefikia wembamba unaotosha?"

"Vidole vinaonana, mwanangu."

Alimaanisha kidole cha ndani na kidole cha nje. Nilijaribu kwa chungu kingine kilichokuwa kibichi bado. Vyangu havikuonana, na nikabonyeza shimo ambalo alilifuta kwa dole gumba bila neno.

Chungu kikishakauka nusu, kinakwanguliwa, kinapakwa udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji, kinasuguliwa kwa kokoto laini mpaka king'ae. Shingoni na mabegani huchorwa mapambo kwa udongo mweupe. Mistari hiyo inachorwa kwa mkono huru, na haitetemeki. Nilitazama kokoto ya bibi: upande mmoja umelika kiasi cha kuwa na umbo la kidole chake.

Kisha kukauka, na hapa hakuna ujanja. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na mwezi wa Aprili hewa yenyewe imelowa. Maji yakibaki ndani ya ukuta, motoni yanageuka mvuke kabla hayajapata njia, na chungu kinapasuka kwa kishindo, mara nyingine pamoja na jirani zake. Kazi ya siku nyingi inaweza kurudi kuwa vigae kwa sababu ya haraka ya jioni moja.

Hawachomi ndani ya tanuri. Vyungu hupangwa chini mahali pa wazi, vikafunikwa kwa kuni na nyasi, moto ukawashwa. Joto likipita nyuzi 500 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe yanaondoka, na kuanzia hapo hakuna mvua itakayoweza kukirudisha chungu kuwa tope. Chuma kilichomo udongoni kikikutana na hewa ndani ya moto, kinatoa wekundu ule. Pale kuni zilipokilalia chungu na kukinyima hewa, hubaki doa jeusi. Mimi nayapenda madoa hayo. Yanaonyesha moto ulisimama wapi.

Ndoo za plastiki na sufuria zimekwisha kufika Lyulilo, na mama wa nyumbani anayezichagua ana sababu zake. Lakini maji ya kunywa ni jambo jingine. Ukuta wa mtungi unapitisha unyevu kidogo kidogo hadi nje, upepo unauchukua, na kila unyevu unaoondoka unaondoka na joto. Ndiyo maana katika bonde hili la joto, nyumba yenye friji bado inaweza kuwa na mtungi pembeni mwa mlango.

Nilinunua chungu kimoja cha kumpelekea mpwa wangu. "Ndaga fijo," nikasema, kwa Kinyakyusa cha sokoni, na bibi akacheka kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshaanza kupakia vilivyobaki mtumbwini, nyasi kavu kati ya kila viwili. Mwanamume mwenye kafi alikuwa tayari ameingia majini hadi magotini. Bibi akamzuia kwa mkono, akainama, akakitoa chungu cha chini kabisa, akakigonga kwa kidole. Akasikiliza. Akakigonga tena, kisha akakirudisha, mdomo ukielekea upande wa pili.