Kwa Nini Wembe Mmoja Huzishinda Nyembe Tano

Wembe wa makali mawili, ule unaouzwa madukani hapa Kiirua, Meru, ukiwa umefungwa kwa kikaratasi, una unene wa sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Ukiubana kati ya vidole viwili unapinda. Wengi wetu huununua kwa ajili ya kukata kucha, kufumulia nywele zilizosukwa au kuchongea watoto penseli. Ikifika zamu ya ndevu tunaenda kutafuta kijiti cha plastiki chenye nyembe mbili, tatu, hata tano, tukiamini kwamba zikiwa nyingi zitanyoa vizuri zaidi. Kwa mtu mwenye nywele za kipilipili hesabu hiyo ni kinyume, na inafaa kueleza kwa nini, maana wanaume wengi hapa Meru wanabeba vipele vya kidevuni kwa miaka wakidhani ngozi yao ndiyo mbovu.

Unywele wa ndevu zetu hautoki ukiwa umenyooka. Hata kitundu unamoota, ndani kabisa ya ngozi, kimepinda. Kampuni ya Gillette ilipotoa Trac II mwaka 1971, mashine yenye nyembe mbili kichwani, mantiki ilikuwa hii: wembe wa kwanza unaunasa unywele na kuuvuta juu kidogo, na kabla haujarudi wembe wa pili unaukata chini zaidi. Unaporudi, ncha yake inazama chini ya uso wa ngozi. Aliye na nywele zilizonyooka anafurahia, kwa kuwa shavu linabaki laini hadi jioni na unywele ukikua unapita njia ile ile. Kwetu sisi ncha hiyo kali inakua ikiwa imepinda, na mara nyingine inatoboa ukuta wa kitundu chake kabla haijaona jua. Nyingine inatoka vizuri, inajikunja, kisha inaingia tena kwenye ngozi milimita moja au mbili kutoka pale ilipotokea. Mwili unaichukulia kama kitu kigeni na kuanza kupambana nayo. Matokeo yake ni uvimbe, mwasho, wakati mwingine usaha, halafu doa jeusi linalochukua muda mrefu kufifia.

Madaktari wa jeshi la Marekani wameandika kuhusu tatizo hili tangu miaka ya 1970, kwa sababu askari weusi walitakiwa kunyoa kila siku na wengi wakaumia, hadi ruhusa ya daktari ya kutonyoa ikawa jambo la kawaida jeshini humo. Hapa nyumbani askari wa kulinda mageti na wahudumu wa hoteli wanatakiwa kuripoti kazini kidevu kikiwa cheupe, na hakuna anayewaandikia ruhusa yoyote.

Wembe mmoja hauna mwenzake wa kumalizia kazi. Unaukata unywele karibu na usawa wa ngozi na kuuacha hapo, ncha ikiwa nje. Shavu halitakuwa laini kama la mtoto, na ndiyo maana halitaota vipele.

Sasa kipande cha chuma kinachopinda mkononi kinawezaje kukata ndevu ngumu bila kutetemeka? Hapa ndipo penye uhandisi wenyewe. King Camp Gillette, mwanzilishi wa kampuni ya Gillette, alikuwa mchuuzi wa kuzunguka wa Crown Cork & Seal, kampuni ya William Painter, yule aliyebuni mwaka 1892 kifuniko cha bati chenye meno ambacho hadi leo tunakibandua kwenye chupa ya soda. Painter alimshauri abuni kitu ambacho watu watatumia, watupe, warudi kununua kingine. Wazo la wembe lilimjia mwaka 1895. Wakati huo wembe ulikuwa chuma kinene kilichofuliwa, cha kunolewa kwenye ngozi kila asubuhi. Hata mashine ya ndugu Kampfe wa New York, ya mwaka 1880, ilibeba kipande kinene kilichohitaji kunolewa. Gillette alitaka chuma chembamba kinachokatwa kutoka utepe mrefu. Wataalamu wa chuma wakamwambia haiwezekani: chuma chembamba hivyo kikipitishwa motoni ili kikomae kitajikunja, na makali hayatashika.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni William Nickerson, mhandisi aliyesomea MIT, aliyetengeneza mitambo ya kukomaza na kunoa nyembe nyembamba. Kampuni ilianza Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, wa kwanza wa kuuza, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Hataza ilitolewa Novemba 1904, na kufikia 1918 serikali ya Marekani iliagiza mashine milioni 3.5 na makumi ya mamilioni ya nyembe kwa ajili ya wanajeshi wake.

Lakini makali pekee hayatoshi. Fungua mashine yenyewe utakuta vipande vitatu: kofia iliyobinuka, bamba la chini lenye ukingo au meno, na mpini wenye skurubu. Wembe unalala kati ya kofia na bamba. Ukiukaza mpini, wembe unabanwa hadi ufuate mbinuko wa kofia, na chuma chembamba kilichokunjwa upande mmoja hukataa kukunjika upande mwingine. Ni siri ile ile ya bati la mawimbi: karatasi ya bati iliyo bapa utaikunja kwa mkono, yenye mawimbi inambeba fundi juu ya paa. Ugumu wa wembe hautoki kwenye chuma peke yake, unatoka kwenye umbo uliolazimishwa. Naona hili ni wazo zuri kuliko yote yaliyofuata katika biashara hii, pamoja na vichwa vya nyembe tano vilivyojaa springi na mpira.

Kile ambacho mashine hii haikupi ni pembe na nguvu. Kijiti cha plastiki kimekwisha kukuamulia pembe. Hapa unaamua wewe. Mimi niliielewa kazi hii kwa kumtazama jirani, mwalimu mstaafu, akinyoa uani. Asubuhi za Kiirua ni za baridi kali, upepo unashuka kutoka Mlima Kenya ukielekea Isiolo na kukausha kila kitu, hivyo yeye haanzi na wembe. Anaanza na sufuria ya maji ya moto jikoni. Anachovya kitambaa, anakikamua, anakilaza kidevuni na kukirudia mpaka dakika mbili tatu zipite. Unywele uliokunywa maji ya moto unavimba na kulainika, na nguvu inayohitajika kuukata inapungua sana. Kisha anapaka povu la sabuni kwa brashi, akizungusha ili nywele zisimame.

Halafu analaza kofia ya mashine bapa shavuni, wembe ukiwa haugusi, na kushusha mpini taratibu mpaka anaposikia makali yakishika. Hapo anasimama. Kati ya wembe na ngozi pembe ni nyuzi 30 hivi. Anavuta kidogo kidogo, urefu wa kiungo cha kidole, kisha anasuuza.

"Mwalimu, mbona hukazi mkono?" nilimuuliza.

"Kijana, chuma kina uzito wake. Uache ufanye kazi."

Jibu hilo ndilo somo gumu kwa anayetoka kwenye plastiki. Kijiti chepesi kimetufundisha kukandamiza, na mkono ukihamia kwenye chuma bado unakandamiza; damu inayotoka siku za mwanzo inatokana na hilo kuliko ukali wa wembe. Jambo la pili linakwenda kinyume na mazoea ya vinyozi wengi: usiivute ngozi ikakazana. Ngozi ikivutwa unywele unachomoza zaidi, unakatwa, na ukiiachilia ncha inazama ndani, yaani umerudisha kwa kidole kile ulichokikimbia kwenye nyembe mbili.

Shingoni pana mambo yake. Nywele za hapo hazifuati mwelekeo mmoja. Upande mmoja zinashuka, mwingine zinalala kuelekea sikioni, chini ya taya zinapanda juu. Pitisha vidole ukiwa na ndevu za siku mbili tatu na utajua kila sehemu inaelekea wapi. Nyoa kufuata mwelekeo huo. Ukitaka kurudia, paka povu upya upite kwa kukingama. Kwenda kinyume na nywele shingoni ni kutafuta vipele.

Aliye na vipele tayari asianze kesho. Auache wembe kwa mwezi mmoja hivi, ndevu zikue mpaka zile zilizonaswa zijichomoe. Na kuna watu ambao hata wembe mmoja ni mwingi kwao. Hao wabaki na mashine ya umeme inayoacha milimita moja, na mwajiri mwenye utu ataliona hilo ni safi ya kutosha.

Wembe huchakaa kwa namna ya ajabu kidogo, kwa kuwa chuma chake ni kigumu mara 50 kuliko unywele. Watafiti wa MIT, katika jarida la Science la Agosti 2020, walionyesha kwamba makali hayawi butu polepole tu. Unywele ukipinda na kukutana na makali kwa mshazari, mahali ambapo muundo wa chuma haulingani, kipande kidogo mno kinabanduka. Hapo napata sababu nyingine ya kulainisha ndevu kwanza na kutokandamiza. Wembe ukianza kukwaruza au kuvuta, ubadilishe. Bei yake ni shilingi chache.

Usimwazime mtu mashine yako, hata ndugu mnayelala chumba kimoja. Virusi vya hepataitisi B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu hujificha kwenye ukingo wa bamba. Kwa kinyozi, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako. Nyembe zilizotumika zitie kwenye kopo la bati ulilolitoboa mwanya mwembamba, usizitupe kwenye takataka ambazo watoto na mbuzi huzifukua.

Ukienda kununua mashine, umbo la wembe lisikutie wasiwasi. Hataza ya Gillette ilikwisha muda wake zamani, na mwanya ule wa katikati ya wembe umebaki kuwa kipimo cha watengenezaji wote, kwa hiyo wembe wa duka la Kiirua utaingia kwenye mashine ya Ujerumani, India au China. Kagua kitu kingine. Tia wembe, kaza mpini, kisha uitazame mashine kwa mbele: makali yachomoze sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, legeza, usawazishe wembe kwa kuushika kwenye ncha zake fupi, ukaze tena. Ukizidi tena, bamba limepinda. Mrudishie mwenye duka.