Kazi ya Breki Hujulikana kwenye Pini

Pedi mpya si ushahidi wa breki nzuri. Pedi hununuliwa dukani. Kazi ya mkono, uwe fundi wa gereji au mwenye gari uani kwako, iko kwenye pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake.

Baada ya kuweka gari kwenye stendi, wala si kwenye jeki peke yake, shika kalipa uisukume. Iende na kurudi bila kukwama. Pini zikitoka kavu na zenye kutu, aliyefunga alikuwa na haraka. Zikitoka zimejaa grisi ya beringi, hakujua kwamba grisi hiyo huvimbisha mpira wa pini. Inayofaa ni grisi ya silikoni, tena kidogo. Halafu linganisha pedi mbili za gurudumu hilohilo. Ya ndani ikibaki na milimita 3 huku ya nje ikiwa na 8, mara nyingi pini zimeganda, na pedi mpya zitaliwa vivyo hivyo. Ndiyo maana anayechungulia pedi ya nje tu kupitia matundu ya rimu hajakagua kitu.

Napenda sana kuona habu iliyosuguliwa kwa brashi ya waya kabla diski haijarudishwa. Kutu ndogo pale huiyumbisha diski, usukani ukatetemeka, na watu wakailaumu diski. Kalipa nayo ifungwe kwa waya wakati wa kazi. Ikining'inia kwenye hosi yake, hosi huumia ndani kusikoonekana.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Anayeteremka mlima Kitonga akiwa na mzigo asiyachukulie mafuta ya zamani kimzaha.

Kwenye taa za breki, ubora uko katika namna ya kutafuta kasoro. Ikizima moja, tazama balbu na soketi. Zikizima zote, acha balbu: angalia fyuzi, kisha swichi iliyo juu ya pedali. Kwa magari mengi ya otomatiki kuna dalili ya ziada, gia hukataa kutoka P. Taa ikififia huku indiketa ikiiwasha ya jirani, safisha athi. Fyuzi iliyorukwa kwa waya mtupu ni kazi ya kukataa papo hapo.

Kabla ya kutoka uani, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikaze, maana pistoni zilirudishwa nyuma. Ikiwa bado imekanyagwa, washa injini: ishuke kidogo tu, kisha isimame. Ikizidi kuzama polepole chini ya mguu, zima gari utafute panapovuja au sili za masta silinda zilizochoka.