Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Hawe

Ukiingia kwenye magofu ya Gede, kaunti ya Kilifi, utakutana na nyumba zenye majina ya vitu. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Nimeyatafsiri mwenyewe, manake yalitolewa kwa Kiingereza. Aliyeyatoa ni James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kuchimba mahali hapa mwaka 1948. Hakujua majina ya waliokaa humo, kwa hivyo nyumba nyingi aliziita kwa kitu alichokikuta ndani, na nyingine kwa umbo lake, kama ua mrefu.

Nimekuwa nikiyawaza majina haya tangu Aprili, nilipompeleka nyanya yangu pale. Sisi humwita hawe. Amezaliwa, ameolewa na amezika mume umbali wa safari fupi ya boda boda kutoka lango la Gede, na hakuwahi kuingia. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kana kwamba nimeuliza swali la kitoto: "Si pale ni pa Waarabu?"

Jibu hilo halikutoka hewani. Mwaka 1954 Kirkman alichapisha kitabu kuhusu uchimbaji wake, na jina lake ni The Arab City of Gedi. Mji wa Waarabu: limeshasemwa jaladani kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Wataalamu waliokuja baadaye, wakiwemo Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, wameonyesha kwamba miji ya pwani ilikua kutoka kwa watu wa hapa hapa, waliofanya biashara na dunia, wakaoana na wageni na kupokea dini. Lakini kitabu kikishatangulia, hukaa. Hawe hajui kusoma Kiingereza, na bado kichwa cha kitabu kile kilimfikia shambani kwake.

Basi tuyasome majina ya nyumba kama tunavyosoma hadithi, tuulize msimulizi ni nani na jicho lake linaangalia wapi. Mkasi ulitoka Hispania. Bakuli ni la Kichina, taa ni ya kutoka India. Vitu vingi vilivyopewa heshima ya kuitwa jina la nyumba vilipanda chombo kuja hapa. Na kwenye magofu yote ya pwani, kinachookotwa kwa wingi kuliko chochote ni vigae vya vyungu vilivyofinyangwa na watu wa hapa. Mimi sijakutana na Nyumba ya Chungu. Ushanga mmoja wa Venice unaweza kuipa nyumba jina, lakini chungu kilichopika chakula cha kila siku kikabaki kuwa vigae vya kuhesabiwa.

Hawe alitembea polepole, fimbo mkononi, kima wakimwangalia kutoka juu ya kuta. Hakushangaa pale nilipotaka ashangae. Mbele ya msikiti mkuu alisimama kwa adabu, akapita. Kwenye lango la jumba la mfalme alisema tu kwamba mlango ni mwembamba. Lakini ndani ya nyumba moja aliinama, akashika ukuta, akakwaruza chokaa kwa ukucha.

"Hii chokaa ilichomwa wapi?"

Nikamweleza ninavyojua: matumbawe yalikatwa, yakapangwa na kuni, yakachomwa mpaka yakawa unga.

"Kuni alileta nani? Na maji ya kukorogea?"

Kijana aliyekuwa akitutembeza alicheka kwa heshima, akasema, "Hawe, hayo hayakuandikwa."

"Na hawa walipika wapi?"

Alimwonyesha ua. Hawe alitazama, akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia darasani katika mwaka mmoja na nusu niliosoma historia kabla karo haijanishinda na kuniachisha chuo: "Hawa wa nyumba za mawe nimewaona. Wale waliowajengea walilala wapi?"

Jibu lipo, na ndilo linaloniuma. Gede ilikuwa na ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Nyumba za mawe na majumba ya wakubwa yamekusanyika ndani. Kati ya kuta hizo mbili, wanaakiolojia wanaeleza, ndiko watu wengi walikoishi, katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba hizo zimeyeyuka. Hazina kibao wala jina. Kwa mgeni anayepita, sehemu ile ni miti tu, mibuyu na vivuli. Nilimwambia hawe, "Walilala huku," nikimwonyesha msitu. Akaangalia huko kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia jumba la mfalme.

Nyumba ya hawe ni ya udongo na makuti. Kila mwaka lazima isiribwe, makuti yabadilishwe, fito zilizoliwa na mchwa zing'olewe. Kwa miaka zaidi ya 40 ameitunza kwa mikono yake. Ukuta wa tumbawe unaweza kuusahau miaka mia tatu, urudi uukute. Ukuta wa udongo ukiusahau misimu michache ya mvua, umerudi shambani. Ndiyo maana sijaridhika na jinsi tunavyotumia neno "hifadhi". Tunatunza kile kilichoweza kustahimili kutelekezwa. Kile kilichohitaji kutunzwa kila siku, na kikatunzwa, hakituachii gofu la kulinda.

Sheria nayo ina jicho lake. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kifaa kuwa kitu cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo ndio Waingereza walipotangaza himaya yao hapa. Yaani hata uzee wa chungu chetu unapimwa kwa tarehe ya kufika kwa mgeni. Labda aliyeandika alihitaji tu mwaka wowote wa kukatia, lakini mwaka uliochaguliwa ni ule.

Sitaki kumwonea Kirkman. Bila yeye na vibarua waliochimba naye, huenda kuta zile zingekuwa misingi ya nyumba za watu. Serikali ya kikoloni ililinda Gede tangu miaka ya 1920, na mwaka 2024 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nilifurahi, nitakuwa mnafiki nikisema sikufurahi. Pia si kweli kwamba dunia inaelewa mawe peke yake. Makaya ya Wamijikenda, misitu mitakatifu isiyo na jumba hata moja, yaliingia orodha hiyo hiyo mwaka 2008. Kinacholindwa kayani ni miti, njia, makaburi na miiko ya wazee. Kwa hivyo inawezekana. Tunajua kulinda kisichosimama, tukiamua.

Ninachodai Gede ni kidogo. Sitaki majina ya Kirkman yafutwe, manake nayo sasa ni sehemu ya historia ya mahali. Nataka njia ya mgeni ipite pia katikati ya kuta mbili, na pale penye miti pawe na kibao kinachosema hapa ndipo wengi walipolala. Na kibao hicho kiandikwe kwa Kiswahili na Kigiriama kabla ya lugha nyingine yoyote, ili mtu kama hawe, au mjukuu anayemsomea, asihitaji mkalimani kuambiwa habari za jirani zake.

Kuna sababu ya mimi kuandika haya sasa. Mjomba wangu ameshaleta mawe ya machimbo, yamepangwa mbele ya nyumba ya hawe. Ni tumbawe, lile lile la Gede. Anataka kumjengea mama yake nyumba ya kudumu, na hakuna mtu wa familia anayeweza kumlaumu. Ile ya udongo itabomolewa Desemba, watoto wote wakiwa nyumbani. Mimi nimepewa kazi ya kupiga picha, eti kwa kuwa ndiye msomi, hata kama chuo sikumaliza.

Tukiwa kwenye matatu kurudi, nilimuuliza hawe kwa utani: mtu akija kuchimba pale kwako baada ya miaka mia tano, ataiita nyumba yako Nyumba ya Nini?

Hakucheka. Alifikiri mpaka tukafika stejini.

"Huyo mtu aulize kwanza," alisema. "Majirani watakuwepo."