Kipuri Hutafutwa kwa Vipimo: Mfano wa Peugeot 504

Imezoeleka kudhaniwa kwamba kipuri ni mali ya gari moja, na kwamba gari hilo likishaacha kutengenezwa, kipuri chake nacho kimekwisha. Muundo wa Peugeot 504, gari lililozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na likaendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria hata baada ya mwaka 2000, unaikanusha dhana hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya gari ni mkusanyiko wa vitu vyenye utambulisho wao wenyewe, na anayevitafuta kwa utambulisho huo huvipata mahali ambapo anayetaja jina la gari huambiwa havipo.

Njia ya kwanza ni undugu wa magari. Injini ya 504 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1971, ambayo kipenyo cha silinda yake ni milimita 88 na mwendo wa pistoni ni milimita 81, iliendelea kutumika katika Peugeot 505 iliyotoka mwaka 1979, hivyo anayekosa pistoni kwa jina la gari kongwe huweza kuiulizia kwa jina la mdogo wake. Aidha, silinda za injini hiyo ni slivu, yaani mirija ya chuma inayochopekwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji ya kupoza, na ile iliyolika huondolewa pamoja na pistoni yake bila bloku kuchongwa upya. Waliobuni mpango huo waliwatendea wema mkubwa mafundi wa vizazi vilivyofuata.

Njia ya pili, ambayo hupuuzwa mno, ni vipimo. Beringi yenye namba 6205 husomeka hivi: tarakimu ya kwanza hutaja aina, ambayo hapa ni ya gololi, ya pili hutaja kundi la ukubwa, na mbili za mwisho, zikizidishwa kwa tano, hutoa kipenyo cha tundu la ndani, yaani milimita 25. Kipenyo cha nje ni milimita 52 na upana ni 15, iwe beringi hiyo imetoka kwenye alteneta au kwenye mota ya mashine ya kusaga nafaka. Hata hivyo alama zinazofuata namba, kama vile C3, ambayo huonyesha nafasi iliyo kubwa kuliko ya kawaida kati ya gololi na njia zake, hazipaswi kuachwa, kwa sababu beringi isiyo na nafasi ya kutosha hubana inapopata joto. Sili ya oili nayo hutafutwa kwa kipenyo cha shafti, kipenyo cha makazi yake na unene.

Undugu na vipimo vikishindikana, hubaki kutengeneza upya. Anayesubu alumini kwa kutumia kipuri cha zamani kama kielelezo sharti akumbuke kwamba metali hiyo husinyaa inapoganda na kupoa, kwa kadiri ya asilimia 1.3, hivyo kielelezo kisichoongezwa ukubwa huzaa kipuri kidogo kuliko kinachohitajika. Mwaka 2018 Porsche ilitangaza kuwa imetengeneza wenzo wa kuachia klachi wa Porsche 959, gari ambalo nakala zake zilizoundwa ni 292 tu, kwa kuyeyusha unga wa chuma cha kuundia zana kwa leza, tabaka juu ya tabaka. Lililo muhimu zaidi katika kazi hiyo ni uhakiki uliofuata: wenzo ulibebeshwa mzigo wa karibu tani tatu, kisha ukapigwa picha za ndani ili kubaini nyufa zisizoonekana kwa macho. Karakana isiyo na namna ya kufanya uhakiki wa kiwango hicho inaweza kukereza bushi au kukata gasketi kwa usalama, lakini sehemu za breki na usukani haifai kuzibuni. Kwa hizo ni afadhali gari lisubiri.